Isale na Mikono ya Fundi

Mume wangu alikuwa na mikono mizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu waliomfahamu miaka ya mwisho wanakumbuka zaidi kikohozi chake, na mimi sipendi akumbukwe kwa kikohozi. Alikuwa fundi cherehani. Meza yake ilikaa kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga Sekei, Arusha, na mtu akipita njiani alisikia cherehani kwanza, kisha kicheko. Yeye alikata na kushona. Mimi nilitia vifungo, nilikunja pindo kwa mkono na kupiga pasi. Shule niliishia darasa la saba, kwetu Singida. Kutia vifungo nilifundishwa na yeye, na alikuwa mwalimu mkali.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo sabuni ikifika dukani habari ilienea mtaa mzima, na watu walikimbia na ndoo kana kwamba sabuni inamiminwa. Ghafla maduka yakajaa. Sabuni za kila rangi, losheni za kila harufu, viatu vya kung'aa, redio za kubeba begani. Na mitumba. Mitumba iliwaliza mafundi wengi wa Arusha, maana nani atashonesha suruali wakati iliyokwisha kushonwa inauzwa chini, kwenye turubai? Mume wangu hakulia.

"Mzungu akitupa suruali," alisema, "ametupa na kiuno chake. Nani atakipunguza?"

Akawa anapunguza viuno. Mabunda yalifunguliwa hapo hapo barazani, yakatoa harufu ya dawa iliyotufanya tupige chafya wote, na yeye akachambua, akafumua, akakata, akashona upya. Tulikula.

Kisha mikono ikaanza. Kwanza muwasho katikati ya vidole, halafu wekundu, halafu vilengelenge vidogo vyenye maji, mwisho ngozi ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Kwenye zahanati aliambiwa ni pumu ya ngozi, aepuke sabuni kali na vumbi la nguo.

"Vumbi la nguo," alinisimulia aliporudi, "ni kama kumwambia muuza samaki aepuke samaki."

Akanunua krimu kwa kijana aliyepita na sinia la vipodozi, krimu iliyovuka mpaka wa Namanga ikiwa na picha ya mwanamke anayecheka. Ilifanya kazi, sitasema uongo. Baada ya siku chache vidole vililainika kama vya mtoto, akavionyesha kwa kila mteja. Alipoacha kupaka, ugonjwa ukarudi na hasira mara mbili. Akapaka tena, akaacha tena. Ngozi ikawa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, unaona mishipa inapita.

Na msimu wa kipaimara ulikuwa unakaribia. Kwa fundi wa Arusha, kipaimara ndiyo mavuno. Mabinti wa Kilutheri wote wanataka gauni jeupe, la satini, na satini haina huruma. Kidole chenye ngozi iliyopasuka kikiigusa, uzi unavutika na mstari unabaki. Tone la damu likianguka, ndiyo basi. Mama mmoja alikuja kumpimisha binti yake gauni, akaona doa dogo pembeni ya kola.

"Fundi," akasema, "mwanangu anakwenda kupokea kipaimara au anakwenda kuchinja mbuzi?"

Watu barazani wakacheka, mume wangu naye akacheka. Lakini jioni alikaa mbele ya cherehani bila kushona, mikono imefunguka juu ya mapaja, akaniambia kwamba msimu huu ukimshinda, wateja watahamia kwa mafundi wa mjini na hawatarudi. Hakujua kazi nyingine. Mimi nilijua vifungo tu.

Uani mwetu alikuwa amepanga binti mmoja kutoka Tanga, msomi, aliyetumwa kaskazini kukusanya majani. Asubuhi alitoka na mfuko na mkasi, jioni alirudi amejaa mbegu za kushikamana kwenye suruali. Majani aliyakausha kivulini, mengine aliyaloweka kwenye chupa, na baadaye yalikuwa yasafirishwe kwenda maabara ya mbali. Nilimuuliza siku moja bombani yanakwenda kufanywa nini.

"Kuna seli za ngozi ya binadamu, dada," akasema. "Zinalelewa kwenye kisahani."

"Ngozi ya nani?"

"Ya watu waliofanyiwa upasuaji. Kile kipande kilichobaki. Seli zinatolewa, zinawekwa mahali pa joto, zinalishwa."

"Zinakula nini?"

"Maji yenye sukari na vitu vingine."

"Basi zinakula kuliko sisi." Akacheka mpaka akamwaga maji. Kisha akaniambia kwamba zikishashiba wanazichokoza. Wanaziwekea kitu cha kuziudhi, nazo zinafanya kile kile ambacho ngozi ya mume wangu inafanya: zinatoa kemikali za kuita wenzao. Ni kama yowe la kijijini, alisema. Yowe likipigwa, damu inakimbilia pale, maji yanakimbilia pale, ngozi inavimba na kuwa nyekundu na kuwasha. Halafu wanamimina kimiminika cha jani, wanapima kama yowe limepungua.

Mume wangu alikuwa akisikiliza kutoka barazani. "Na krimu yangu?" akauliza kwa sauti.

"Krimu yako, fundi, imewaziba midomo walinzi wote. Ukiitoa wanapiga yowe la siku zote kwa pamoja. Na siku mwizi akija kweli, hakuna wa kuita. Mimi natafuta jani linalosema tu, jamani, polepole."

Mume wangu aliacha kukanyaga cherehani. Kisha akasema kwamba alipokuwa mtoto aliwahi kuwashwa hivyo hivyo, nyuma ya magoti, na mama yake alimwogesha kwa majani ya kichaka kilichoota kwenye kingo za mfereji wa nyumbani. Majani manene, yenye manyoya laini, maua ya buluu. Jina lake la Kimeru alilitaja, mimi si Mmeru na siwezi kuliandika nikaamini nimeliandika sawa. Yule binti alishasimama, ndoo ameisahau.

"Kipo wapi hicho kichaka?"

"Kwa kaka yangu," akasema mume wangu, akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Inabidi nieleze. Nyumbani kwao ni juu ya Makumira, kwenye mteremko wa Meru. Baba yao aliacha shamba la kahawa na migomba, na kaka mkubwa ndiye aliyebaki nalo. Bei ya kahawa ilipokuwa haieleweki tena, kaka aling'oa mibuni aliyopanda baba yao, akapanda nyanya za kuuza Arusha. Mume wangu alipoiona ile mibuni imelazwa kando ya njia alishindwa kujizuia. Mbele ya ukoo alisema, "Umemfukua baba." Kaka akajibu kwamba mtu anayeshona viraka mjini asimfundishe kulima. Tangu hapo hawakusemezana. Kwenye misiba ya ukoo walikaa pande mbili za turubai.

Wameru, kama Wachaga, wana njia ya kumaliza mambo ya namna hiyo. Kuna mmea unaitwa isale, unaota kwenye mipaka ya mashamba, una majani marefu ya kijani. Mkosaji anachukua jani lake, anampelekea aliyemkosea, au anamtuma mtu alipeleke. Likishafika huwezi kulikataa. Kukataa isale ni kitu ambacho watu watakisimulia kwa wajukuu wako. Tatizo ni kwamba lazima mmoja akubali kuwa mkosaji, na kila mmoja wa wale ndugu alikuwa anamsubiri mwenzake.

Nilimwomba mume wangu aende. Akasema hawezi kwenda kuomba majani kwa mtu ambaye hasemezani naye. Nikamwuliza kama naweza kwenda mimi. Akasema mimi ni mtu mzima, nina miguu. Kwa lugha yake hiyo ilikuwa ruhusa.

Tulikwenda na binti wa Tanga Jumamosi. Gari lilituacha Makumira tukaanza kupanda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa mwekundu na utelezi, na yule binti alisimama kwenye kila kichaka kama mtu anayesalimiana na wakwe. Hiki anakata, kile ananusa, kingine anakiuliza jina kwa watoto wanaopita. Mfuko ukajaa. Karibu na kwa shemeji kamba ya kandambili yangu ikachomoka, nikakaa juu ya jiwe kuirudisha. Nikamwambia atangulie, nyumba ni ile yenye bati jipya.

Nilipofika kwenye lango nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, mfuko begani, na mkononi ameshika jani la isale.

Alikuwa amelikata kwenye mpaka hapo chini. Alikuwa bado hana la aina hiyo, na mfukoni hapakuwa na nafasi. Kwao Tanga jani ni jani. Na kabla sijafika alishamwamkia mwenye nyumba shikamoo, akaongeza kwa adabu zote, "Nimetoka kwa mdogo wako wa Sekei. Amepata shida, anaomba msaada wako."

Shemeji alisimama na jembe. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye nyusi nene. Aliliangalia jani, akamwangalia binti kuanzia viatu hadi kichwani, akaliangalia tena jani. Kisha akaegemeza jembe ukutani, akafuta viganja kwenye suruali, akalipokea kwa mikono miwili.

"Mama!" akamwita mkewe ndani. "Njoo. Mdogo wangu ameleta isale."

Nilihisi moyo unashuka mpaka kwenye ile kandambili. "Shemeji," nikasema, "hapo kuna jambo..."

"Shemeji, karibu. Umechoka. Kaa."

"Nataka kusema kwamba huyu binti..."

"Leteni maziwa," akasema. "Shemeji anywe maziwa kwanza."

Nikaletewa maziwa ya mgando. Nilipoweka kibuyu chini nikafungua mdomo, akaniuliza habari za Singida, mvua ikoje huko. Nikajibu. Nikafungua mdomo tena, akaniuliza habari za mama yangu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni akijifuta macho kwa kanga, na mbele ya machozi yale maneno yangu yalizidi kuwa mazito. Shemeji mwenyewe alitupeleka mfereji ulipo, akakata matawi ya kile kichaka, akayafunga kwa ngozi ya mgomba. Alipotuaga alisema Jumapili, baada ya ibada, atakuja Sekei.

Njia nzima ya kurudi nilimweleza binti alichokuwa amekibeba. Alishika kichwa. "Dada, nimeharibu!"

"Sijui kama umeharibu," nikamwambia. "Nitajua nikimweleza mume wangu."

Nilimweleza kabla hata sijavua kitambaa cha kichwani. Sijawahi kuweza kumficha kitu, na siku hiyo nilitamani ningeweza. Alisimama, kipimo kinaning'inia shingoni.

"Mimi nimeomba msamaha? Mimi?"

"Hujaomba. Umeombewa."

"Na nani?"

"Na jani."

"Basi mwende mkalirudishe jani lake!"

"Jani ni la binti," nikasema. "Alilikata kwa ajili ya seli."

Akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Akasema kaka akija atamwambia ukweli usoni, halafu tuone. Nikasema sawa, hata mimi ningesema hivyo. Kisha nikachemsha yale majani, maji yakapoa, akatumbukiza mikono bila kuniangalia. Binti wa Tanga alikuwa amemwonya kwamba jani halijapimwa, kwa hiyo tuanze na mkono mmoja. Yeye akaingiza yote miwili. Alikuwa amekasirika.

Jumapili shemeji alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na koti ambalo mikono yake ilikwisha kuwa mifupi. Aliketi kwenye stuli ya wateja. Chai ikaletwa, haikunywewa. Mume wangu akakohoa, akasema:

"Kaka, lile jani sikulituma."

"Najua," akasema shemeji.

Mimi niliyekuwa nikitia kifungo nilisimamisha sindano.

"Unajua?"

"Binti amevaa suruali, amebeba gunia la majani kama anakwenda kulisha sungura. Isale ameshika kama mwiko. Ningekosaje kujua?"

"Sasa mbona ulilipokea?"

"Ulitaka nilirudishe?" Shemeji alionekana kushangaa kweli. "Likishaingia uani limeingia. Na wewe ungelileta lini?"

"Nisingelileta."

"Na mimi nisingelileta. Basi." Akachukua kikombe. "Nikaona nilipokee upesi, kabla mke wako hajafika akaharibu kwa ukweli wake. Nilimnywesha maziwa mpaka nikamwonea huruma."

Mume wangu alijaribu kutocheka. Alikaza mdomo, akaangalia barabarani, mabega yakaanza kutikisika. Kaka yake naye akaangalia barabarani. Wakacheka wakiwa wameangalia upande mmoja, hawajatazamana bado. Kisha shemeji akasema, "Lete hiyo mikono niione," akaishika, akaigeuza, akavuta pumzi kwa meno. Mibuni haikutajwa siku hiyo. Ilitajwa baadaye, mara nyingi, kwa kelele, lakini wakiwa meza moja.

Mikono ikapona? Ikapata nafuu. Kila wiki shemeji alituma furushi la matawi kwa wanawake wanaoleta ndizi sokoni. Lakini katika wiki hizo hizo mume wangu aliacha ile krimu kabisa, akapitia siku mbaya sana kwanza. Binti wa Tanga alimpa glavu za pamba. Na mimi nikachukua kazi ya kufungua mabunda na kuzifua nguo kabla hajazigusa. Nikiulizwa hadi leo ni kipi kilichomponya nasema sijui. Wanaosema wanajua hawakuwapo. Ninachojua ni kwamba msimu wa kipaimara tuliumaliza, magauni yalitoka meupe, na yule mama wa mbuzi alirudi na binti wa pili.

Kazi ya kwanza aliyoifanya baada ya msimu ilikuwa koti la kaka yake. Kitambaa kilitokana na pesa za nyanya, na shemeji hakuacha kulisema hilo. Ilibidi apimwe. Mume wangu alizungusha kipimo kifuani mwa kaka yake, akakivuta, akakisahau hapo kidogo.

"Fundi, unapima au unanifunga?"

"Tulia, umenenepa." Hakuwa amenenepa. Mfuko wa kushoto ulitoka umepinda kidogo, kwa sababu kidole cha shahada kilikuwa bado kinauma, lakini shemeji alikataa urekebishwe.

Binti wa Tanga alipita tena kutusalimia baada ya muda mrefu, sasa amevaa miwani. Alituambia kile kichaka cha mferejini kilipunguza yowe la seli kwenye visahani, si haba, ingawa kikizidishwa kiliziua, kwa hiyo tusijivune na tusikoroge kwa ndoo.

"Na isale?" akauliza mume wangu.

"Isale halikufanya chochote, fundi. Seli ziliendelea kuvimba vile vile."

Mume wangu akachukua mkasi wake. "Labda hizo seli hazikuwa za Mmeru," akasema, akaendelea kukata.

Mume wangu alifariki baadaye, kwa ugonjwa wa mapafu. Tulimzika juu ya Makumira, karibu na migomba, na shemeji alipanda masale kichwani mwa kaburi kwa mikono yake. Asubuhi ya mazishi nilikaa ndani na wanawake. Watu waliingia, wakasema pole, wakatoka, na mimi nilikuwa nikiitikia bila kuwaona. Kisha shemeji akainama mbele yangu. Alikuwa amevaa lile koti. Nilijua kwa ule mfuko uliopinda. Na nikaona kifungo cha katikati kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Shemeji," nikasema, "vua koti."

Hakuuliza. Akalivua, akabaki na shati katika baridi ile ya mlimani. Nikaomba sindano, mtu akaipata. Nikakaa na koti mapajani, nikatia kile kifungo kama nilivyofundishwa: uzi maradufu, na mzunguko chini yake ili kisibane kitambaa. Nje wazee walikuwa wanaulizana kwa nini ibada haianzi.

"Subirini," shemeji aliwaambia kutoka mlangoni. "Kuna kazi ya fundi inamaliziwa."

Nikakata uzi kwa meno, nikampa koti lake.